Nani Kamwachia Nani? Mjadala wa Kufundisha "Hand Down"

Sentensi iliyozua mjadala huu ina maneno sita tu: "My grandmother inherited me this farm." Mwalimu wa Kiingereza aliyewahi kusahihisha madaftari ya sekondari Tanzania au Kenya ameshakutana nayo, kama si yenyewe basi nduguye. Mwanafunzi alitaka kusema kwamba bibi yake alimrithisha shamba. Kwa Kiswahili hana shida: kurithi, kurithisha, kurithishwa, kurithishana, vyote vimetoka kwenye mzizi mmoja na kila kimoja kinajua kazi yake. Akivukia Kiingereza anakishika kitenzi anachokijua, "inherit", anakitwisha mzigo wa kurithisha, nacho kinagoma. "Inherit" ni kitenzi cha anayepokea. Anayetoa ana maneno yake, na mojawapo, linalotumika sana panapotajwa mali ya familia, ufundi, hadithi na mila, ni "hand down".

Namna ya kumfikisha mwanafunzi kwenye maneno hayo mawili, hadi ayatumie mwenyewe bila kushikwa mkono, ndiyo inayowagawa walimu. Makala hii imezipanga hoja zao kama mazungumzo. Wanaosema hapa hawana majina kwa kuwa ni sauti za hoja, si za watu fulani: mwalimu mkongwe anayekaribia kustaafu, mwalimu wa kike kijana ambaye wanafunzi humwita Madam, wakili mmoja, na binti wa Kidato cha Tatu kutoka Morogoro ambaye, kwa haki, suala hili linamhusu kuliko wote.

Mkongwe ndiye anayeanza.

"Tusizunguke," anasema. "Kiingereza kina maelfu ya vitenzi vya maneno mawili. Kitenzi kifupi kinafuatana na kijineno, na vikikaa pamoja vinatoa maana ambayo huipati kwa kukitazama kimoja kimoja. 'Hand over' ni kukabidhi. 'Hand in' ni kupeleka kazi kwa mwalimu. 'Hand out' ni kugawa. 'Hand down' ni kurithisha. Mtoto aandike orodha, aikariri, Ijumaa nimsikilize. Nimefundisha hivyo miaka yote na watu wamefaulu."

"Shikamoo Mwalimu, na samahani kwa kukukatiza."

"Marahaba, Madam. Katiza tu."

"Wanafaulu Ijumaa. Wiki inayofuata ukiwapa insha kuhusu mila za kwao, unasoma daftari hadi ukurasa wa mwisho na hukioni hata kimoja. Wanavijua, lakini wanavikwepa."

Kukwepa huko si dhana ya Madam peke yake. Mwaka 1985 Menachem Dagut na Batia Laufer walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Kiingereza ambao lugha yao ya kwanza ni Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya namna hii. Kila walipopewa nafasi ya kuchagua, wanafunzi hao walielemea kitenzi cha neno moja. Miaka minne baadaye Jan Hulstijn na Elaine Marchena waliwageukia Waholanzi, ambao lugha yao ina vitenzi vya ukoo huohuo. Hao hawakuvikwepa vyote, ila walisitasita kwenye vile ambavyo maana yake imejificha. Mzungumzaji wa Kiswahili yuko upande wa Mwebrania. Lugha yake huongeza maana ndani ya kitenzi chenyewe, kwenye mkia: pokea, pokelea, pokezana, acha, achia, achiwa. Kijineno kinachosimama peke yake, mara karibu na kitenzi, mara mbali, ni kitu ambacho sikio lake halikukizoea tangu utotoni.

Mkongwe hashtuki. Anakumbusha kwamba ugumu huu una historia ndefu. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowatesa wageni zaidi, na kwa sababu hiyo alivikusanya kwa uangalifu. Hata jina linalotumika leo, "phrasal verb", lilichelewa kuja. Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925 na kueleza kuwa alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

"Kwa hiyo," anasema mkongwe, "kama wenye lugha walikiri kuwa hapa pagumu, sisi tuna njia gani zaidi ya kukariri?"

"Kuchagua, Mwalimu. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walichunguza mkusanyo wa matini za Kiingereza cha Uingereza wenye maneno milioni 100. Wakakuta kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vijineno 8, vinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote. Tungeanza na hivyo, mtoto asingezama."

"Na 'hand' imo katika hivyo ishirini?"

Madam anatulia kidogo. "Haimo. 'Down' imo kwenye vile vijineno, lakini 'hand' haimo."

"Basi kwa hesabu yako 'hand down' tuiache."

Hapa mkongwe amepiga penyewe. Takwimu za mara ngapi neno linatumika nchini Uingereza hazimwambii mwalimu wa Morogoro au Kilifi mwanafunzi wake atataka kusema nini. Kijana wa Kimijikenda anayetaka kueleza kwa Kiingereza namna wazee wanavyotunza misitu ya kaya, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, atalihitaji neno la kurithishana kabla ya mengi yaliyo kwenye ile orodha ya ishirini. Vivyo hivyo mchonga milango wa Zanzibar anayezungumza na mgeni, au mjukuu wa mchonga vinyago wa Kimakonde anayejaza fomu ya maonyesho ya sanaa. Watu huulizwa na wageni walikotoka na walichoachiwa, na maswali hayo mara nyingi huja kwa Kiingereza. Neno linalotumika kwa nadra London linaweza kuwa la kwanza kuhitajika Unguja.

Madam mwenyewe anakubali hilo, na ndipo binti anaponyoosha mkono.

"Madam, naomba kuuliza. Kwa nini chini? Bibi akinipa kitu ananipa mkononi. Hajapanda mahali."

Kuna walimu ambao swali hili wangelifunga kwa kusema ndivyo lugha ilivyo. Madam analiona kuwa ndiyo kazi yenyewe. Anachora nasaba ubaoni kwa namna ya vitabu vya Kiingereza: mababu juu, watoto chini, mistari ikiteremka. Kwa wasemaji wa lugha hiyo, wakati wa ukoo unashuka. Wazao huitwa kwa neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha wanaoteremka. Hadithi ya zamani iliyotufikia "has come down to us". Jina la familia "is passed down". Kijineno ni kilekile na kazi ni ileile, kuonyesha mwelekeo kutoka kwa waliotangulia kwenda kwa waliofuata. Mwanafunzi akilielewa hili mara moja, hataandika tena kwamba mila fulani "was handed down to our ancestors by us", kosa ambalo orodha ya Ijumaa haiwezi kulizuia kwa sababu orodha haina juu wala chini.

Kiswahili kinausema ukoo kwa picha nyingine. Watu ni wa mlango mmoja, au wa tumbo moja. Jambo huenda kizazi hadi kizazi, bila kupanda wala kushuka. Na mila zilizokuja kutoka kwa waliotangulia huitwa mapokeo, kwa jina la kitendo cha anayepokea. Madam anataka tofauti hii isemwe wazi darasani, tena kwa Kiswahili, ili mwanafunzi ajue ni nini anachotakiwa kukigeuza kichwani. Mkongwe anakunja uso kusikia Kiswahili kikiruhusiwa katika kipindi cha Kiingereza. Ananyamaza kwa sasa.

"Sasa tuandike sentensi ya kamusi," anasema Madam. "The land was handed down from father to son."

Binti anaiandika, kisha anaweka kalamu chini. "Kwetu si hivyo, Madam. Sisi ni Waluguru."

Yuko sahihi. Waluguru wa milima ya Uluguru, kama Wamakonde na Wamwera wa kusini, ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo kwa desturi hufuata upande huo, kwa hiyo mjomba ana sauti ambayo baba hana. Hata jina la cheo hurithiwa: la Kingalu, lenye heshima kubwa milimani humo, limepokewa na kiongozi mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa Kiluguru anayekariri "from father to son" anajifunza sarufi sahihi na habari isiyo ya kwao. Sentensi yake ya kwanza ya kweli ingekuwa "from uncle to nephew", au "through my mother's family".

Na hiyo "from father to son" haikutokea hewani. Kwa karne nyingi, huko Uingereza, ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia ilikwenda kwa mwanawe wa kwanza wa kiume. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1925, mwaka uleule wa kitabu cha Pearsall Smith. Taji la ufalme lilichelewa zaidi. Ni sheria ya mwaka 2013 iliyoondoa upendeleo wa mtoto wa kiume katika kurithi kiti, kwa waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011. Mfano wa kamusi umebeba mila za wenye kamusi. Mwalimu anayeunakili ubaoni bila kusema neno anafundisha mila hizo pamoja na kitenzi, na mwanafunzi anabaki akidhani kwamba lugha yenyewe inamtaka aseme hivyo.

Mkongwe anahisi mjadala unatoka nje ya uwanja. "Tunafundisha Kiingereza, Madam. Mambo ya ardhi ya ukoo yana watu wake."

"Mimi ni mmoja wao, Mwalimu," anaingia wakili, "na nina kesi ambayo maneno yenu haya mawili yamo ndani yake mara mbili, kwa maana mbili."

Kesi ni ya Muleba, mkoani Kagera, kwa Wahaya. Holaria Pastory aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata Bernardo Ephrahim, mwanaume wa ukoo wake, alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yafutwe. Hoja yake ilikuwa mila: mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mila hiyo ilikuwa imeandikwa. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, katika kanuni ya 20 ya urithi, lilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza, isipokuwa pale ambapo ukoo hauna mwanaume. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mlalamikaji na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaupindua uamuzi huo kwa kutegemea haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Bernardo akakata rufaa Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaitupa. Wanawake, alisema, wanaweza kurithi na kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayowahusu wanaume. Ukoo ukiitaka ardhi hiyo, uikomboe kwa kulipa bei.

"Sasa, Mwalimu," anasema wakili, "shamba lilikuwa 'handed down' kutoka kwa baba kwenda kwa binti. Na hukumu nayo, kwa Kiingereza, 'was handed down by the High Court'. Mwanafunzi wako aliyekariri kwamba maana yake ni kurithisha, akisoma gazetini kwamba mahakama 'handed down a sentence', ataelewa nini?"

"Ataelewa mahakama imerithisha kifungo," anajibu binti, na mkongwe anatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Maana hizi mbili ni ndugu. Jaji ameketi juu, hukumu inateremka kwa waliosimama chini, na zote mbili zinatoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa asiye nayo. Kiswahili kinatumia kutoa hukumu, na hakuna anayechanganya. Lakini wakili ana jambo zito kuliko utata wa maana. Anaitazama sentensi iliyobaki ubaoni baada ya "from father to son" kufutwa: "The land was handed down."

"Mahakamani sentensi hii haisimami. Imerithishwa na nani? Kwa nani? Na nani alikuwepo akarukwa? Ninyi walimu mnaipenda kauli hii ya kutendwa kwa sababu ni nyepesi. Wateja wangu wanaoporwa ardhi wanaisikia kila siku: 'mila imerithishwa', kana kwamba haina aliyeirithisha. Hiyo mila ya Muleba ina njia inayofuatika. Mwaka 1945 Hans Cory na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za kimila za Wahaya, wakati wa ukoloni. Mwaka 1963 serikali ikatoa tamko lake. Kilichoitwa cha mababu mbele ya hakimu kilikuwa kimepita mikononi mwa waandishi na maofisa. Mfundisheni mtoto kuuliza mkono ni wa nani."

Hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote zilizotajwa hapa, na inagusa sarufi kama inavyogusa haki. "Hand down" ina watu ndani yake. Ina mtoaji, ina kitu, ina mpokeaji, na ina muda mrefu kati yao. Mwanafunzi anayelazimika kuwataja wote hawezi kuandika "my grandmother inherited me", kwa sababu amekwisha kuamua nani anatoa na nani anapokea kabla ya kuchagua kitenzi. Makosa mengi ya vitenzi vya urithi yanaanzia kwenye sentensi ambazo watu wake hawajapangwa.

Sharti la muda mrefu nalo si dogo, na hapo ndipo mkongwe anaporudi kwa nguvu. Madam amependekeza mfano wa pwani. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siu, alitunga utendi mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, akimwachia mawaidha ya maisha. "Mwana Kupona handed down advice to her daughter," anaandika Madam.

"Hapana," anasema mkongwe. "Sarufi haina kasoro, lakini sikio linakataa. Mama anamuusia mwanawe, huyo 'gave her advice', au 'left her' mawaidha. 'Hand down' inataka mikono zaidi ya miwili, au angalau kitu kilichokuwepo kabla ya anayekitoa. Waliouhifadhi utendi ule kwa moyo, walionakili miswada, waliowafundisha binti zao, hao ndio 'handed it down', hadi Alice Werner na William Hichens wakauchapisha kwa tafsiri mwaka 1934. Sema 'The poem was handed down by the women of the coast', nitakupa alama zote."

Madam anafuta sentensi yake na kuandika ya mkongwe. Hakuna orodha wala takwimu inayotoa tofauti ya namna hiyo. Inatoka kwa mtu aliyesoma Kiingereza kingi kwa miaka mingi, na walimu wa aina hiyo wanastaafu kila mwaka bila ujuzi wao kuandikwa popote.

Akiwa bado ana kalamu ya ubao mkononi, mkongwe anataja mengine matatu, haraka. La kwanza ni mahali pa kiwakilishi. Jina linaweza kukaa kabla au baada ya kijineno: "handed the story down", "handed down the story". Kiwakilishi hakina hiari hiyo, ni "handed it down" tu, na "handed down it" ni kosa kila mahali. La pili ni "pass on". Ikiwa na kitu mbele yake ni kurithisha au kufikisha: "My grandfather passed on the story." Ikikosa kitu ni msiba: "My grandfather passed on" ni sawa na kusema babu ametutoka. Mtoto anayesahau kumalizia sentensi anaweza kumfisha babu aliye hai. La tatu ni kwamba mali inayogawanywa kwa mafungu, kama mirathi ya Kiislamu ambayo mafungu yake yamepangwa na sheria, haisemwi kwa "hand down". Hiyo hugawanywa, na mrithi hupokea fungu lake. "Hand down" inapenda kitu kinachobaki kizima kikisafiri: shamba, jina, wimbo, namna ya kupika pilau.

"Na sare ya dada yangu?" anauliza binti. "Nimeivaa tangu Kidato cha Kwanza."

"Hiyo ni 'hand-me-down'," anasema Madam. "Ni jina la kitu, na uzito wa sauti uko mwanzoni. Kwenye kitenzi chenyewe uzito huangukia 'down'. Lakini mtumba wa sokoni si 'hand-me-down', hata kama ulivaliwa na mtu kabla yako, kwa sababu humjui aliyeuvaa na umeununua."

Linabaki lile lililomkunja uso mkongwe: Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza. Anasema wazi kwamba anaogopa. Katika shule za umma za Tanzania mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kipindi cha Kiingereza ndicho mahali pekee anapoweza kujengwa kwa ajili ya mengine. Kila dakika ya Kiswahili humo, kwa hesabu ya mkongwe, ni dakika iliyoibwa.

Madam anamjibu kwa heshima lakini haachi. Shule nyingi zimebandika mabango ya kukataza Kiswahili, na bado tatizo liko palepale. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walifanya tathmini ya Kiingereza katika shule za Tanzania na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungulia mlango Kiswahili katika ngazi zote za elimu, ingawa madarasani mambo yamebadilika kidogo sana. "Mwalimu, mwanafunzi hulijua kosa lake anapolinganisha kurithi na kurithisha. Anafikiri kwa Kiswahili, anaona Kiingereza kinaachia wapi. Ukimnyima dakika hiyo, atarudi kwenye 'inherited me' na hutajua kwa nini."

Uzoefu wa darasani uko upande wa Madam. Mwanafunzi hakiachi Kiswahili chake mlangoni. Anaingia nacho na anakitumia kimyakimya, na kisipopewa nafasi ya kusemwa kinafanya kazi yake gizani, hapo ndipo sentensi za maneno sita zinapozaliwa. Dakika tano za kulinganisha lugha mbili kwa sauti zinaokoa majuma ya kalamu nyekundu. Lakini onyo la mkongwe nalo lisipuuzwe: dakika tano zina tabia ya kuwa thelathini, na mwanafunzi aliyeelezwa vizuri kwa Kiswahili bila kuandika wala kutamka kwa Kiingereza ataondoka na maelezo mazuri na kitenzi kisichotumika.

"Mimi nina sababu yangu ya kutaka wajue vyote viwili," anasema wakili. "Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania. Ni jambo jema, mwananchi aelewe anachohukumiwa. Lakini hukumu ya Holaria Pastory iliandikwa kwa Kiingereza, na nyingi nyingine za miongo ile. Binti akitaka kujua haki yake ya kurithi ilipiganiwa wapi na kwa hoja gani, atazisoma hizo."

"Mimi nataka kuisoma," anasema binti. "Yote."

Madam anatoa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi azungumze na mtu mzima wa kwao kwa lugha yoyote wanayoelewana, aulize kitu kimoja kilichorithishwa, kiwe shamba, jina, dawa ya mitishamba au wimbo wa kulelea mtoto. Kisha aandike sentensi tano kwa Kiingereza zenye mtoaji, kitu na mpokeaji, na chini ya kila sentensi ya kutendwa aandike jina la mtu ambaye sentensi haikumtaja.

"Kumi," anasema mkongwe. "Na kila moja irudiwe na 'it' katikati."

"Mwalimu, kumi ni nyingi."

"Kumi, Madam. Mbili kati ya hizo ziwe za mahakama, ili maana ya pili nayo iingie." Kisha anamgeukia wakili. "Nawe niletee nakala ya hiyo hukumu. Kidato cha Tatu tutaisoma aya kwa aya, na nikikwama kwenye Kiingereza cha sheria utakuja kutufafanulia."

"Kwa lugha gani, Mwalimu?"

"Utaanza kwa Kiingereza," anasema mkongwe. "Wakishindwa kukufuata, dakika tano."